Likikohoa, Achia

Gari husukumwa kwa kiganja, halishikwi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya mdogo wangu Bujiku. Ukija pale kwenye banda lake la kuziba pancha, Kagongwa, ukajitia kimbelembele cha kusaidia kusukuma huku umekunja vidole kwenye ukingo wa bodi, alikuwa anakutoa mbele za watu bila kujali wewe ni nani. Alishamtoa mwenyekiti wa kijiji. Alishamtoa katekista na kanzu yake. Na kabla hujaniletea ule utani wa Msukuma na kusukuma, tafadhali umeze, maana nimeusikia tangu nina meno ya utoto na haujanichekesha hata siku moja.

Mimi naitwa Zipora, dada yake mkubwa. Watu wananiita Mama Nkwabi, kwa mwanangu, ambaye ana mji wake Nzega siku nyingi. Nauza uji na maandazi kando ya barabara, hatua kama ishirini kutoka kwenye lile banda. Mama yetu alifariki Bujiku hajaacha ziwa, nikambeba mimi mgongoni, nikamlea pamoja na Nkwabi wangu. Kwa hiyo nikisema mdogo wangu, jua nasema na mwanangu humo humo. Kikombe chake cha bati, kile chenye ukingo uliobanduka rangi, kilikaa peke yake pembeni ya meza yangu, na mteja akikigusa tulikuwa tunakosana.

Miaka ya themanini ilipoelekea kwisha, magari ya kwetu yalikuwa yamechoka kama sisi wenyewe. Stata zimekufa, betri zimekauka, dereva akizima gari hajui atakayemwashia. Asubuhi Kagongwa ilianza kwa watu kuinama nyuma ya magari, na Bujiku ndiye aliyekuwa akiitwa kwanza. Alikuwa na mabega, lakini mabega wanayo wengi. Yeye alikuwa na utaratibu. Anamuuliza dereva kama swichi ameifungua, kwa sababu wapo madereva wanaosukumwa mpaka jasho liwatoke wenzao na swichi imefungwa. Anamwambia aweke gia namba mbili, akanyage klachi, asiiachie mpaka aambiwe. Wanaosaidia lazima wavue ndala. Hakuna kukaa mbele ya gari, hakuna kukaa ubavuni karibu na magurudumu.

Halafu ile ya mwisho, ambayo alikuwa akiirudia kila asubuhi kama sala ya chakula: likikohoa, achia. Gari likishakamata moto si lako tena. Ukiling'ang'ania litakuburuza, na dereva hawezi kusimama akuokote, maana akisimama litazimika na kazi yote imekwenda bure. Unaachia, unabaki na vumbi lako na harufu ya petroli, na aliyesukumwa hageuki nyuma. Bujiku alikuwa akisema kusukuma hata ng'ombe anaweza, kuachia ndiko kunakowashinda watu.

Basi, mwaka wa themanini na tisa akaja Martina.

Alikuwa mjane, kijana bado, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Mumewe alikuwa mtu wa Rwamgasa, huko kwenye dhahabu, na alipofariki ndugu wa mume wakachukua nyumba, wakachukua mashine ya kusaga, na wakamchukua mtoto, binti wa miaka mitatu aitwaye Apolonia. Gari wakamwachia kwa sababu lilikuwa haliwaki. Ilikuwa Pijo 404 ya kubebea mizigo, rangi ya maziwa, mlango mmoja umefungwa kwa waya, hendeli ya kuzungushia injini ilipotea zamani. Marehemu alikuwa amemfundisha kuendesha. Akatafuta watu wamsukume kule Rwamgasa, akaingia barabarani, na hakuzima mpaka alipofika Kagongwa kwa mama yake mdogo, ambaye nyumba yake inatazamana na banda la Bujiku. Akaanza kubeba mpunga kutoka vijijini kuleta kwenye mashine zetu za kukoboa. Akipakia, gari linanguruma. Akila, gari linanguruma. Alikuwa analizima jioni tu, na asubuhi lazima asukumwe.

Aliyemsukuma ni nani? Unauliza majibu.

Miaka minne, kila siku isipokuwa Jumapili, jua likichomoza Bujiku alikuwa nyuma ya Pijo ile. Mimi nina macho. Mtu anayekwenda kusukuma gari hapaki mafuta usoni. Mtu anayekwenda kusukuma gari havai shati lililopigwa pasi ya mkaa. Wanasalimiana mwangaluka, anamuuliza swichi, anaweka viganja, anasukuma. Likikohoa anaachia. Martina anatoa mkono dirishani, anauinua mara moja bila kugeuka, anakwenda zake. Ndiyo hiyo tu. Hatua arobaini labda. Halafu Bujiku anakuja kwangu, anakaa, na hasemi kitu mpaka kikombe kifike nusu.

Alimpenda. Nasema mimi wazi kwa sababu yeye hakusema. Nilimwambia mara ngapi, wewe Bujiku, mwanamke hasukumwi miaka minne kimya kimya, sema naye. Alikuwa akitazama mikono yake yenye gundi ya pancha, ananijibu kwamba mwenye gari hawezi kuolewa kwenye banda. Nikamwambia gari lenyewe hilo ni kuku wanalitagia mayai. Hakucheka.

Martina naye alikuwa na lake moyoni, na lake lilikuwa mtoto. Shemeji yake, Sostenes, alimtumia maneno kwamba akimtaka Apolonia aende mwenyewe, peke yake, aonyeshe kwamba anaweza kumlisha. Akionekana na mwanamume, arudi na mwanamume wake na mtoto abaki. Sasa peke yake ataendaje? Kutoka kwetu upite Kahama, upite Ushirombo, uingie ule msitu mpaka Katoro, ndipo ukamate njia ya Rwamgasa. Mvua, matope, madaraja ya magogo. Gari likizimika katikati ya msitu, nani anamsukuma, nyani? Alichohitaji kilikuwa betri mpya, na betri mpya kwa mtu wa mpunga ilikuwa kitu cha kuangalia dirishani. Alikuwa akiniambia Apolonia sasa amefikisha miaka saba, na kwamba hajui ameota meno gani.

Na betri hiyo ilikuwa kwenye dirisha la nani? La Mzee Velji, mwenye duka la vipuri. Huyu mzee, pamoja na mkewe Lataben, walikuwa Kagongwa kabla yangu. Ujana wake alikuwa mwendawazimu wa pikipiki, na uzeeni ugonjwa haukumtoka. Kila Septemba, pamba ikishauzwa na ardhi imekauka, aliandaa mbio za magari kwenye kiwanja cha zamani cha ndege za kunyunyizia dawa, ambacho siku nyingine zote ni malisho. Si mbio za kufukuzana. Gari linakimbia peke yake, moja moja, mstari mnyoofu kutoka pipa hadi pipa, na Mzee Velji amekaa kwenye kiti cha kukunja na saa yake ya kubonyeza. Lililotumia muda mfupi ndilo limeshinda. Magari madogo yana zawadi yao, pikapu zao.

Na kwa kuwa alikijua kijiji chake, aliweka sheria ya magari yasiyowaka, akaiandika kwenye boksi na kulitundika mtini. Gari linaruhusiwa kusukumwa. Pikapu msukumaji mmoja. Anasukuma kutoka kigingi hadi mstari wa chokaa, hatua thelathini. Mkono wake au mguu wake ukivuka chokaa gari likiwa bado mkononi, mbio hiyo imefutwa, na hairudiwi. Alieleza kwamba asipofanya hivyo watu wataleta ukoo mzima usukume mpaka pipa la pili.

Waangalizi wa mstari tulikuwa wawili, kila mmoja na kitambaa chekundu, mwalimu wa shule upande wa dereva na mimi upande wa pili. Mimi nilichaguliwa kwa sababu niliwahi kumwambia Mzee Velji dukani kwake, wateja wamejaa, kwamba amenenepa kwa kukaa. Akasema mwanamke wa namna hiyo hawezi kudanganya kwa woga.

Mwaka wa tisini na tatu zawadi ya pikapu ikatangazwa. Betri mpya, ndani ya boksi lake.

Siku moja kabla ya mbio, mchana, Martina alikuja mezani kwangu. Nilikuwa nachambua mchele, akakaa akaanza kuchambua nami bila kuombwa. Alikuwa ameliacha gari likinguruma pale kando. Tukachambua ungo mzima ndipo akasema.

"Dada Zipora, nikiipata hiyo betri nitakwenda peke yangu nimlete Apolonia. Nikirudi, mimi ndiye nitakayemwambia Bujiku. Nikimwambia leo atadhani naita mabega yake."

Nilimtazama mpaka akaona haya. Nikataka kusimama nipige vigelegele pale pale, mwenyewe akanishika mkono, akaniapisha kwa kaburi la mama nisimwambie Bujiku neno lolote. Nikamuuliza kama anadhani mimi ni redio. Akasema ndiyo. Basi nikaapa, na nilicheka peke yangu nikichambua ule mchele, maana niliona mambo yote mawili yanakuja pamoja, mtoto kwa mama yake na mdogo wangu kwa mtu wake.

Jioni ile ile Bujiku akaja kunywa uji. Alikunywa wote kabla hajafungua mdomo, jambo ambalo si kawaida yake.

"Akipata betri, dada, asubuhi mimi nitakuwa nafanya nini?"

Nilikuwa nimeapa. Ningemwambia neno moja tu, mambo yangekuwa mengine. Nikamjibu kwamba ataziba pancha kama watu wengine, nikachukua kikombe nikakiosha.

Siku ya mbio upepo ulikuwa wa nyuma na ng'ombe walikuwa wamesogezwa. Watu walijaa, wa Isaka walikuja, wa Kahama walikuja. Nitin, kijana wa Mzee Velji, alikimbiza Datsun yake upande wa magari madogo na vumbi halikutulia kwa muda mrefu. Pikapu zilikuwa sita. Toyota ya mchinjaji mmoja wa Kahama ilikimbia vizuri sana na mchinjaji akaanza kupokea pongezi. Wa mwisho alikuwa Martina.

Bujiku alinawa viganja kwa jivu. Akavua viatu. Akamuuliza swichi, nikamsikia, sauti ile ile ya kila asubuhi. Akaweka viganja kwenye kona ya nyuma, upande wangu, na akasukuma. Sijapata kumuona anasukuma vile. Gari lilianza kutembea, likaanza kukimbia, Martina akaachia klachi, likatikisika na likakohoa. Bado kulikuwa na hatua kumi kabla ya chokaa. Kumi. Angeachia pale angekuwa na nafasi ya kukaa chini na kujifuta jasho.

Nilikuwa natazama mkono wake wa kushoto. Kiganja kilikuwa wazi, halafu vidole vikajikunja, kimoja kimoja, vikashika ukingo wa bodi. Injini ilikuwa imeshakamata na inavuta. Alikuwa hasukumi tena, alikuwa anavutwa. Akavuka chokaa akikimbia, mguu mtupu ukaiburura ile nyeupe, hatua moja, mbili, tatu, nne, ndipo vidole vikafunguka akaanguka kwa magoti. Martina hakuona. Alitoa mkono dirishani, akauinua kama kawaida, akaenda.

Pijo ile ilikimbia, jamani. Mpaka leo sielewi ilitoa wapi. Ilipopita pipa la pili Mzee Velji alibonyeza saa, akaitazama, akaitazama tena, akaanza kucheka kicheko cha mtoto. Halafu, kama sheria inavyotaka, akageuka kutuangalia sisi wa mstari. Mwalimu upande wa pili alikuwa ametulia, kitambaa mkononi, hakuona kitu, bodi lilimziba. Nikabaki mimi.

Nilijua kila kitu, ndugu yangu. Nilijua boksi lile la betri ni mtoto wa mtu. Nilijua ni furaha ya mdogo wangu pia, ambayo yeye mwenyewe alikuwa haijui. Ningetazama juu kama naangalia mwewe, yakaisha. Chokaa ingesemwa imefutwa na upepo. Nani angebishana na Mama Nkwabi?

Nikainua kitambaa.

Watu wanadhani niliinua kwa uaminifu, na Mzee Velji alikuwa akinisifu hivyo mpaka alipohama. Mimi nilikuwa na hasira, nisikufiche. Nilimkasirikia Bujiku kwa vile vidole. Miaka yote anawatoa watu kwenye mstari, anawaaibisha, halafu siku moja yenye maana anashika kama mtoto anayeshika kanga ya mama yake sokoni. Mzee Velji akaniuliza kama nimeona vizuri. Nikasema ameshika.

Martina akarudi akizunguka kiwanja, anacheka, meno yote nje, sikuwahi kuyaona yote. Akaambiwa. Hakushuka. Akaliacha linanguruma, akamtazama Bujiku kupitia dirishani.

"Ulisahau kuachia?"

Pale angesema ndiyo. Mtu husahau, mguu huteleza, Mungu hukubali uongo wa namna hiyo. Lakini Bujiku ni Bujiku.

"Sikusahau," akasema.

Martina alikaa anamtazama. Niliona anafika pale alipotakiwa kufika, kwamba huyu mtu amemshika kusudi asiende, na kule anakokwenda ni kwa mtoto wake. Hakutukana. Akaweka gia akaondoka, na mchinjaji wa Kahama akachukua betri, ingawa lake lilikuwa na betri nzima.

Siku tatu Bujiku alikwenda asubuhi kumsukuma, na Martina alikubali kusukumwa, lakini mkono haukutoka dirishani. Siku ya nne alikwenda na shati lake la pasi, akakuta mahali patupu. Mama mdogo akamwambia kwamba jana jioni Martina hakulileta gari nyumbani. Alilipandisha kule kwenye tuta la reli, akaliegesha pua ikitazama chini, akalala humo humo. Alfajiri akaondoa jiwe gurudumuni likateremka lenyewe. Hakuhitaji mtu. Baadaye madereva wakatuambia alikwenda hivyo njia nzima, kila anapotaka kulala anatafuta mlima kwanza, mlima hadi mlima mpaka Ushirombo na kuendelea.

Bujiku alisimama pale patupu, miguu kwenye alama za matairi, mpaka jua likawa kali. Uji wake ulipoa. Sikumwambia yale maneno ya Martina, kwa sababu nilikuwa nimeapa, na kwa sababu niliona yatamuua.

Hicho ndicho nilichokuwa najiambia, hata hivyo.

Mwaka wa tisini na tano, mwezi wa sita, Stanslaus alikaa mezani kwangu. Huyu ni dereva wa Land Rover inayopeleka mchele Katoro, mteja wangu wa miaka, gari lake nalo la kusukumwa kama mengine. Akaniambia amemuona Martina. Yuko Katoro, amepanga chumba, anabebea wachimbaji mizigo. Sostenes amemruhusu kukaa na Apolonia kwa masharti asihame eneo lile. Na ametuma salamu.

"Amesema, nisalimie wifi yangu Zipora, umuulize kama Bujiku bado yupo."

Wifi. Aliniita wifi. Mwanamke hasemi neno hilo kwa kuteleza ulimi, na hatumi dereva wa mchele siku nzima ya njia kuuliza kama mtu bado yupo, kama hajasamehe. Nilielewa pale pale, sufuria mkononi. Nikamjibu Stanslaus kwamba Bujiku yupo na ni mzima. Nikamwambia asijisumbue kumpelekea salamu, mimi dada yake nitamfikishia.

Sikumfikishia.

Umesikia? Hapo kiapo kilikuwa kimekwisha kazi, mwenye kiapo mwenyewe alishakifungua. Nilinyamaza kwa sababu yangu. Mume wangu yuko kaburini, Nkwabi yuko Nzega na mkewe hanipendi. Niliona asubuhi ambayo Bujiku hayupo, kikombe kiko mezani na hakuna wa kukinywea. Nikajiambia nitamwambia kesho. Kesho ikawa mwaka. Stanslaus akaniuliza tena mara mbili, na mara zote nikamwambia Bujiku amepokea, anawaza. Yeye aliishika Pijo hatua nne, mimi nikamshika yeye miaka mitatu, na hakukuwa na mtu wa kuniinulia kitambaa.

Zikaja zile mvua za elinino. Barabara zilikatika, mpunga ukaoza, na banda la Bujiku likalala chini. Mvua zilipokatika, mwaka wa tisini na nane, watu walimshauri ajenge upya kule njia panda, ndiko wateja waliko. Asubuhi moja nikamuona anachimbia nguzo pale pale pa zamani, mlango ameutazamisha pale kwa mama mdogo wa Martina, mahali lilipokuwa likilala gari. Majani yalishaota pale. Alipima mlango kwa kusimama na kutazama, akasogeza nguzo kidogo, akatazama tena.

Nilimwaga uji uliokuwa kwenye upawa. Nikaenda nikamwambia yote, nimesimama, bila kupumzika. Maneno ya siku ile ya mchele. Kiapo. Salamu. Wifi. Alikuwa ameshika nyundo na hakuiweka chini.

"Salamu zilikuja lini?"

Nikamwambia mwezi wa sita, mwaka wa tisini na tano.

"Miaka mitatu, dada," akasema, basi. Afadhali angenipiga na ile nyundo. Alikwenda akakaa kwenye tairi bovu, mgongo ameniwekea mimi, na nikaona mabega yake yale yanatikisika. Sikuthubutu kumgusa. Nilirudi kwenye meza yangu nikawahudumia watu huku machozi yananidondokea, na hakuna aliyeniuliza.

Jumamosi iliyofuata alivaa shati la pasi. Alikuwa na mfuko mmoja wa nguo na pampu yake ya miguu. Land Rover ya Stanslaus ilikuwa imeshapakiwa mchele wa Katoro, kiti cha mbele kimeachwa wazi. Bujiku akaja mezani, akakaa, nikammiminia uji kwenye kikombe chake. Safari hii alisema kabla hajafika nusu. Alisema shati hili kola yake imechakaa, je, inaonekana? Nikamwambia haionekani. Ilikuwa inaonekana.

Akapanda. Stanslaus akajaribu, gari likanyamaza. Bujiku akafungua mlango ili ashuke, miguu ishazoea. Nikamwambia akae. Nikamwambia kwa sauti ambayo sijaitumia kwake tangu ana miaka kumi, na akakaa.

Nilivua ndala. Nikamuuliza Stanslaus kama swichi ameifungua, watu wakacheka, mwenyewe akaitazama swichi na akaifungua. Wakaja akina mama wawili wa mchicha na mpagazi mmoja. Nikaweka viganja kwenye bodi, wazi, vidole vimenyooka. Mchele ule ulikuwa mzito na mimi si kijana. Tukasukuma. Mwanzoni halikutaka, halafu likatembea, halafu tukawa tunakimbia, na magoti yangu yalinilaani. Nilikuwa naona kisogo chake kupitia kioo cha nyuma. Kisogo kile nilikinyoa mimi mara ya kwanza, kwa wembe, akilia.

Likakohoa.

Nikaachia.

Mkono wake ukatoka dirishani, ukainuka mara moja. Hakugeuka, na mimi sikutaka ageuke, uso wangu ulikuwa hautazamiki. Wenzangu walirudi kwenye mchicha wao, mimi nikabaki barabarani na ndala mkononi mpaka vumbi likashuka.

Stanslaus alirudi Jumanne. Kwenye kiti cha mbele kulikuwa na kreti la soda tupu. Alinieleza kwamba Martina alikuwa na betri siku nyingi, ameinunua kwa hela za wachimbaji. Bujiku alipofika, gari lilikuwa uani, na bila kufikiri akaenda moja kwa moja akasimama nyuma yake, mikono tayari. Apolonia, ambaye sasa ni msichana mrefu kama mama yake, akauliza huyu baba anafanya nini. Martina akawasha kwa ufunguo, likawaka lenyewe. Halafu akafungua mlango wa pili, ule uliokuwa wa waya, akamwambia Bujiku aje mbele.

Nilimshukuru Stanslaus nikampa maandazi mawili ya ziada. Kesho yake alfajiri, kwa mazoea, nilimimina uji kwenye kikombe cha Bujiku. Nilikumbuka nikiwa nimeshakijaza. Nikauacha kidogo upoe, kisha nikakaa upande wake wa meza, nikaunywa mwenyewe.